Ulimrekodi soja akafutwa. Bosi yake je?

Wasee, leo sitawachekesha. Kuna klipu moja niliposti ikaniletea wafuasi wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kufanya, na ndiyo hiyo siku hizi sipendi kukumbushwa. Wale mko hapa tangu zamani mnaijua: mzee wa sare ya buluu kwa geti ya jengo fulani, ameinua kitambulisho changu kama refa ameinua kadi, ananiambia, "Kijana, wewe ni wa kupitia nyuma." Mlicheka. Mkamtengenezea stika za WhatsApp. Mimi pia nilicheka, tena nikaweka maneno juu ya video: "Umaskini ukivaa sare."

Hayo maneno niliandika mimi, kijana aliyekuwa anapeleka chakula cha watu kwa bodaboda ya kukodi.

Wiki tatu baadaye nikapata oda ya jengo lilelile. Kwa geti kulikuwa na soja mwingine, kijana wa rika langu. Akachukua kitambulisho, akaandika jina, akaniambia nizunguke nyuma kwa lifti ya mizigo. Neno kwa neno. Nikamuuliza yule mzee ako wapi. Akaniangalia vizuri, akanijua. "Si wewe ndiye ulimrekodi? Alienda siku ya pili. Hata hakurudi kuchukua gumboots zake." Halafu akasogea kidogo ili nione ndani ya kibanda. Kulikuwa na karatasi imebandikwa ukutani, imechapishwa kwa kompyuta, na muhuri wa usimamizi wa jengo: wapeleka mizigo na chakula wasitumie mlango mkuu, na mlinzi atakayewaruhusu atachukuliwa hatua.

Hiyo karatasi ilikuwa hapo siku nilimrekodi mzee. Iko hapo hadi leo.

Kwa hivyo hesabu iko hivi. Aliyeandika hiyo amri bado ana kazi. Kampuni iliyomkodisha mzee kwa jengo bado ina kandarasi. Mimi nilipata wafuasi. Mzee alienda nyumbani. Na wapeleka chakula bado tunapanda na lifti ya mizigo, pamoja na ndoo za takataka.

Sasa kabla mnirukie kwa komenti: sisemi masoja ni malaika. Nitafika hapo, na nikifika mtaona sina huruma ya bure. Ninachosema ni kwamba kizazi chetu kimeamua kuwa malalamiko ni video, na video haimgusi mtu yeyote ila yule aliye karibu na kamera. Yule aliye ofisini ghorofa ya tisa hatoki hata kuangalia nje. Anapiga simu moja kwa kampuni: "Nibadilishieni huyo." Dakika mbili. Amemaliza shida yako na hajabadilisha kitu.

Na wacha niwaambie kitu kingine cha aibu. Baadaye nilienda nikasoma sheria yenyewe, Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya mwaka wa 2016. Tunabishana na soja kwa geti kila siku na hakuna hata mmoja kati yetu amewahi kuifungua. Inampa mlinzi wa geti ruhusa kukuuliza wewe ni nani, kuandika saa umeingia na saa umetoka, na hata kukaa na kitambulisho chako kwa muda ukiwa ndani. Inamtaka akirudishe ukitoka, na hizo habari zako zisitumike kwa kitu kingine. Yaani kwenye klipu nilimwita yule mzee mwizi wa kitambulisho, na alikuwa anafanya kitu sheria inamruhusu. Kilichokuwa kibaya ni kile cha mlango wa nyuma, na hicho hakikutoka kichwani mwake.

Najua kwa nini tunawachukia. Tangu Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakauawa, nchi nzima ikazoea kufunguliwa mabegi na kupitishwa kwa ile mashine inayolia hata kama una kijiko tu. Sawa, tulikubali. Lakini angalia nani hufunguliwa begi na nani husalimiwa. Gari kubwa ikifika, soja anafungua kizuizi kabla dirisha halijashuka. Wewe wa dredi na hudi ukifika kwa miguu unaulizwa unaenda kwa nani, na amekupigia simu, na mbona hapokei. Hiyo inauma. Inauma zaidi ikitoka kwa mtu anayepanda mat moja na wewe asubuhi. Ndiyo maana tunamrekodi kwa hasira ya pekee, tunahisi ametusaliti.

Lakini jiulize alifundishwa na nani kwamba gari ni mtu na miguu ni mwizi. Mwaka wa 2024 Mamlaka ya kudhibiti hizi kampuni ilitangaza kwamba mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Waajiri wakawaka, mambo yakaishia kortini. Shilingi 30,000, Nairobi hii, ilionekana ni nyingi sana kwa mtu anayesimama saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Piga hesabu, ni saa 72. Mtu kama huyo hana ubavu wa kukataa amri ya karatasi.

Haya. Sasa upande wa pili, kwa wale mmeanza kusema nimelainika.

Mwaka jana sistangu mdogo alienda supamaketi kununua mafuta ya midomo na daftari. Akalipa, akatoka, akaitwa nyuma na soja. "Madam, kuna kitu umesahau kulipia." Akaonyesha risiti. Hawakuitaka. Akapelekwa stoo, mahali pa katoni za sabuni, mlango ukafungwa, na soja wa kiume akampapasa mifuko na kiuno "kutafuta." Hakupata kitu. Kisha akaambiwa alipe mara kumi ya bei ya yale mafuta ama aitiwe polisi na picha yake ibandikwe kwa ukuta wa wezi. Alikuwa na miaka 19. Akalipa. Akaja keja, akaoga mara mbili, na hakuongea hadi kesho yake jioni.

Na hapa sitaki mtu aniambie "msamehe, hata yeye ni hasola." Zii. Umaskini wako haukupi mkono wa kuweka kwa mwili wa sistangu. Nimeona watu wakimtetea kila soja kwa sababu mshahara wake ni mdogo, kana kwamba kupapasa wasichana ni marupurupu. Wafanyakazi wa nyumbani hulipwa kidogo, vibarua wa mjengo hulipwa kidogo, na wengi wao hawajawahi kumfungia mtu stoo.

Mimi nikachukua simu. Unajua mimi. Nilikuwa tayari nimepanga maneno ya kufungua video. Sistangu akaniangalia akasema, "Bro, ukiweka hiyo kitu nitakuwa yule msichana wa stoo hadi nizeeke. Sitaki kuwa komenti za watu." Nikaweka simu chini. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaandika malalamiko kwa karatasi, kama mzee wa kanisa.

Nitawaambia jinsi tulifanya, juu mkiniuliza kwa inbox nitachoka.

Tuliandika usiku huohuo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na hasira. Tarehe, saa kutoka kwa risiti, mlango gani, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, pesa ngapi na zimetumwa kwa nambari gani. Hiyo ya mwisho ilituokoa. Soja alikuwa amemwambia atume kwa simu, na si kwa nambari ya duka. Kila mtu aliyejaribu baadaye kusema "hayo hayakufanyika hapa" alionyeshwa ule ujumbe wa M-Pesa na akanyamaza. Jina la soja hatukulijua. Tulikuwa na nambari ya kwenye beji, nusu yake. Tuliandika hiyo nusu. Usijaze nusu iliyobaki kwa kukisia, watakushika hapo hapo.

Kesho yake asubuhi tukapeleka barua ya kwanza kwa meneja wa duka, na ndani yake tukaomba video ya kamera za siku hiyo ihifadhiwe. Hii watu hawajui: picha yako kwa kamera ni habari zako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziomba. Lakini usingoje mwezi. Hizo kamera hujirekodi juu ya zenyewe, na ukifika umechelewa utaambiwa "system ilifuta," na pengine itakuwa ni ukweli. Tulienda na nakala mbili, tukataka muhuri kwa nakala yetu. Msichana wa dawati la wateja alituangalia kama tumetoka mwaka wa 1985. Akagonga muhuri.

Barua ya pili ikaenda makao makuu ya kampuni ya ulinzi. Jina la kampuni liko kwa sare, begani ama kifuani, hata kwa ile kofia. Tumezoea kuangalia uso wa soja na kusahau kwamba amevaa anwani ya mwajiri wake. Nakala ikaenda kwa Mamlaka, ile inayosajili makampuni na walinzi wenyewe, na inayoweza kusimamisha usajili wao. Na tafadhali, nyinyi wote mnaotag IPOA kila soja wa benki akikosea, wacheni. IPOA ni ya polisi. Ni kama kupeleka malalamiko ya kinyozi kwa daktari wa meno juu wote wanashika vichwa.

Halafu polisi. Sitasema kituo. Mara ya kwanza afisa wa dawati alitwambia hiyo ni mambo ya duka na kampuni yake, twende tukasikizane. Hiyo si kweli. Mtu kukushika mwili bila ruhusa ni kosa la jinai, na kukutisha ili utoe pesa ni kosa lingine. Na hata kama sistangu angekuwa ameiba kweli, sheria ya mwenendo wa jinai inasema raia akimshika mtu lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Stoo si kituo. Pia inasema mwanamke akipekuliwa apekuliwe na mwanamke, kwa heshima. Tulirudi siku ya pili na hayo yote yameandikwa kwa karatasi, pamoja na auntie yetu mwalimu, mwenye ile sauti. Tukapata nambari ya OB. Sijui ni sheria ilifanya kazi ama ni sauti ya auntie. Beba vyote viwili.

Siku ya nne, simu kutoka kwa kampuni. Mwanaume mpole kabisa. Pole kwa yaliyotokea, tumeshamtoa huyo kijana kwa hiyo kazi, na duka lingependa kuwapa vocha ya kununua vitu vya 5,000. Tumemaliza?

Hapo ndipo nilimkumbuka mzee wa kitambulisho. Ni simu ileile. Ghorofa ya tisa, "nibadilishieni huyo." Walitaka tuchukue kichwa kimoja na vocha, na stoo ibaki.

Sistangu ndiye aliongea, si mimi. Akamwambia hatujamaliza. Yule aliyenishika ajibu kwa polisi, hiyo ni yake peke yake. Lakini nyinyi nijibuni: nani aliamua watu wapelekwe stoo? Mbona zamu nzima hakukuwa na mlinzi wa kike? Mbona kuna ukuta wa picha za "wezi" ambao hawajawahi kufikishwa kortini? Na hiyo ya kulipa mara kumi, ni soja alibuni ama duka lilijua? Akataka majibu kwa maandishi. Yule mwanaume mpole akapunguza upole.

Ilichukua karibu miezi mitatu. Sitawadanganya kwamba tulishinda kama kwenye filamu. Picha ziliondolewa ukutani. Siku hizi kuna mlinzi wa kike kila zamu, nimeenda mara kadhaa saa tofauti kuangalia, naonekana kama mwizi mwenyewe. Barua ya kuomba msamaha ilikuja, na imeandikwa kwa lugha ya wakili, "tukio linalodaiwa." Pesa zilirudishwa. Kesi ya yule soja iko mikononi mwa polisi na haijaenda popote bado. Sistangu bado hataki kuingia supamaketi peke yake. Hiyo hakuna barua imerudisha.

Lakini stoo ilifunguliwa. Ningeposti video, yule jamaa angefutwa siku hiyohiyo na stoo ingepata jamaa mwingine.

Mnaniambia kwa komenti kila nikigusia hii: "Bro hii ni Kenya, malalamiko hayafanyi kazi." Uongo. Malalamiko hufanya kazi Kenya kila siku. Uliza tu ni ya nani. Pale tunakaa kuna nyumba za geti ng'ambo ya barabara. Mama mmoja wa pale alilalamika soja alichelewa kumfungulia, mvua ikamnyeshea akishuka kuangalia. Soja alikuwa msalani. Kufika Jumatatu soja hayuko. Hiyo ilikuwa laini mbili kwa kikundi cha WhatsApp cha wapangaji. Malalamiko ya upuzi ya mwenye gari hufika kabla gari haijapoa, na ya msichana aliyefungiwa stoo yanaitwa "mambo ya kusikizana." Shida si kwamba masikio hayako. Ni kwamba kampuni inamsikiza anayelipa kandarasi, na wewe na mimi si wateja wake. Sisi ni watu wa kuchujwa mlangoni. Ndiyo maana lazima tulete karatasi yenye muhuri na nakala kwa watu watatu, juu bila hiyo hatuna uzito.

Na ukiniuliza, hata yale madogo tunayopuuza yana mahali pake. Wasichana, nyinyi mnajua ile kitu ya kitabu cha geti. Unaandika jina na nambari ya simu saa kumi, saa tatu usiku unapata "Hi mrembo, niliona jina lako kwa kitabu." Mnablock, mnacheka kwa kikundi, imeisha. Hiyo si ya kucheka. Nambari yako ilichukuliwa kwa ajili ya usalama, ikatumiwa kwa mambo mengine. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko kama hayo, huhitaji wakili, na sheria inawapa siku 90 kuyachunguza na kumaliza. Piga picha ya ujumbe kabla ya kublock. Na tena usimalize kwa soja. Uliza jengo: kwa nini kitabu cha nambari za wanawake kinakaa wazi juu ya meza, kila anayeingia anasoma wa juu yake?

Kuna msee atasema nimewageuza kuwa makarani. Labda. Video ni tamu, na sijasema usirekodi. Rekodi. Soja akikupiga, rekodi, huo ni ushahidi. Lakini ushahidi unapelekwa mahali. Ukiupeleka TikTok pekee umewapa watu kitu cha kutazama wakingoja ugali uive.

Yule mzee nimemtafuta. Yule soja kijana aliniambia alikuwa anatoka upande wa Kakamega, na jina moja tu, na kwa jina moja huwezi kumpata mtu Kakamega. Klipu niliifuta mwaka jana. Haijasaidia, wengine walishaihifadhi. Juzi mtu asiyejua ni yangu amenitumia stika yake, mzee na kitambulisho juu, imeandikwa "Pitia nyuma." Na kicheko.

Sikumjibu. Nilikuwa naandika barua kwa usimamizi wa lile jengo kuhusu ile karatasi ya kibandani, tarehe na muhuri na picha yake, nakala kwa kampuni na kwa Mamlaka. Nimeongea na wapeleka chakula kumi na mmoja wa hiyo barabara, saba wameshaweka sahihi. Wanne wanaogopa, na nawaelewa. Kama unapeleka oda upande huo na umewahi kuambiwa uzunguke kwa lifti ya mizigo, nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa. Leta jina lako kamili na tarehe unayoikumbuka. Usinitumie video ya soja.